Kabati la Vitabu la Mwalimu Saadi

Kabla Wazungu hawajaleta mradi wao wa karanga Nachingwea, Saadi bin Kaimu alikuwa mwalimu. Karanga zilipokuja aliuacha ualimu, kama walivyoacha wengi kazi zao, akaenda kuwa karani wa stoo ya vipuri. Siku hizo nchi yote ya kusini ilikuwa imegeuza shingo kuitazama Nachingwea. Pori lililokuwa la tembo na miombo lilikuwa likilazwa chini na matingatinga, miti inang'oka mizizi juu, na vumbi linapanda hata mtu aliyeko shambani Naipingo akaliona na kusema leo Wazungu wameamkia upande ule.

Katika kambi ya wafanyakazi palikuwa na chumba cha bati chenye mabenchi, kiliitwa chumba cha kusomea. Wengi waliingia humo kukwepa jua na kucheza bao. Saadi aliingia siku ya kwanza kutafuta gazeti, akakuta rafu ya vitabu vya Kiswahili: hadithi za wasafiri, za wawindaji, za wanyama, za watoto waliopotea wakaonekana. Alikuwa amefundisha miaka, lakini vitabu alivyovijua vilikuwa vya hesabu na vya kusoma darasani, pamoja na msahafu aliousoma utotoni. Hakujua kwamba viko vitabu ambavyo havimwulizi mtu maswali mwishoni. Aliketi pale mpaka mlinzi akaja kufunga mlango, na kesho yake akarudi, na keshokutwa.

Kisha karanga zikashindwa. Ardhi ilikauka ikawa ngumu kama sakafu, mitambo ikakatika, na waliokuja kwa vishindo wakaanza kuondoka kimyakimya. Mzungu aliyesimamia kambi aliwaita makarani wake, akawaambia kila mmoja aseme angependa kuchukua nini cha kumkumbuka. Mmoja aliomba blanketi, mwingine mabati, mwingine madebe. Saadi aliomba vitabu vya chumba cha kusomea. Yule Mzungu alimtazama kama mtu aliyeombwa maji akiwa mtoni. Akamwambia achukue vyote.

Lori lilimshusha Nanganga pamoja na sanduku lake, na kutoka hapo alilipa wapagazi wakalibeba hadi Namilowe, kijiji cha upande wa Ruangwa alikozaliwa. Mkewe Sofia alimpokea uani, akalifungua lile sanduku, akatazama ndani, akamtazama mumewe.

"Wenzio wamekuja na mabati," alisema. "Haya yetu tutaezekea nini?"

Saadi alicheka, naye Sofia akacheka. Walikuwa watu wa kuchekeana. Mungu alikuwa hajawaachia mtoto. Sofia alikuwa amezaa na kuzika, na nyumba yao ilikuwa nadhifu na kimya kuliko wenyewe walivyopenda.

Shule ya Namilowe ilikuwa ya Serikali ya Wenyeji, ya udongo na nyasi, yenye madarasa manne. Wazazi Waislamu waliosita kuwapeleka watoto misheni waliwapeleka hapo. Mwalimu mkuu alikuwa Eustakio, Mmakua wa upande wa Masasi, mtu mpole asiyependa ubishi. Alimpokea Saadi kwa furaha kwa sababu alikuwa hana mwalimu wa darasa la tatu, lakini lile sanduku lilimtia mashaka.

"Vitabu vya masomo vyenyewe wanavisoma kwa bakora," alisema. "Hivi vya nini tena?"

"Hivi havina bakora," Saadi akamjibu. "Nipe pembe moja tu ya darasa."

Alipewa pembe. Akatengeneza kabati kwa mbao za masanduku ya vipuri vya trekta, akalitia bawaba na mlango, akavipanga vitabu migongo ikitazama nje. Watoto walilipita lile kabati kama mtu anavyopita mbele ya ofisi ya jumbe. Waliliona ni kabati la mwalimu, na kitu cha mwalimu hakiguswi. Wiki nzima ilipita, hakuna aliyelisogelea.

Ndipo Saadi akaanza jambo lake. Kila siku, masomo yakishamalizika na watoto wakiwa na hamu ya kwenda zao, aliwaambia wakae kidogo. Alichukua kitabu, akasoma kwa sauti. Alikuwa msomaji mzuri. Simba alinguruma, bibi kizee alikohoa, na pale palipotakiwa kunong'ona alinong'ona hata wa nyuma wakainuka kwenye mabenchi. Neno gumu alilieleza kwa Kimwera, kisha akaendelea. Siku ya kwanza alisoma habari za kijana aliyekamatwa mguu na mamba wakati wa kuvuka mto. Alipofika pale kijana anashika mzizi wa mti na mamba anavuta, alikifunga kitabu.

"Haya, nendeni nyumbani," alisema.

Watoto walinung'unika. Mmoja aliuliza je, alikufa. Saadi alikirudisha kitabu kabatini, akauacha mlango wazi.

"Mimi sijui kusema zaidi ya kitabu," alisema. "Anayetaka kujua, kitabu kile pale. Anawe mikono."

Asubuhi yake, kabla kengele haijagongwa, alimkuta mtoto mmoja amesimama kando ya kabati, mikono inachuruzika maji. Alikuwa Zuena, binti wa Mikidadi na Mwanaheri, mwembamba, miguu imepauka kwa vumbi la njiani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unataka nini, Zuena?"

"Nataka kujua kama yule mamba alimwachia."

"Kitabu kile pale."

"Kinasema alimwachia?"

"Kinasema kilivyosema. Kitabu hakisemewi, mwanangu."

Zuena alikitoa kwa vidole viwili, kana kwamba kitamuunguza. Alikuwa hajui kusoma vizuri wakati ule. Alisoma kwa kusukuma silabi moja baada ya nyingine, kidole kikifuata mstari. Ilimchukua siku kadhaa kumtoa yule kijana mtoni. Alipomtoa alikuja mezani kwa Saadi, akasimama, uso unang'aa, akaomba kingine.

Baada ya Zuena wakaja wengine. Saadi aliwapa sharti: mikono safi, na kila kitabu kifungwe katika kipande cha kaniki kisipate mafuta wala moshi. Watoto walivichukua nyumbani, na kwa kuwa watoto wa Namilowe hawakuwa na saa ya kukaa bure, walivichukua hadi mashambani. Msimu wa mahindi na mtama kila shamba lina dungu lake, kichanja kirefu cha miti ambapo mtoto hukaa kufukuza ndege na nyani. Madungu ya Namilowe yakawa vyumba vya kusomea. Mtu akipita njiani alisikia sauti huku na huku zikisoma juu angani, moja ikimsoma sungura, nyingine ikimsoma mfalme.

Siku moja Mikidadi, baba yake Zuena, aliingia shuleni wakati wa mapumziko, amekumbatia magunzi ya mahindi yaliyotafunwa. Akayaweka juu ya meza ya Saadi, moja baada ya jingine.

"Mwalimu, nimekuletea mavuno ya vitabu vyako."

Saadi aliinuka akamkaribisha kiti. Mikidadi hakukaa.

"Nyani wameingia shambani kwangu mchana kweupe. Binti yangu yuko juu ya dungu, na jicho liko kwenye karatasi. Nimepiga kelele mimi kutoka njiani, nyani wakakimbia, yeye hakusikia."

Eustakio alijifanya anakohoa ili asicheke. Saadi aliomba radhi, akasema kama ni lazima atamzuia Zuena asichukue vitabu mpaka mavuno yaishe.

Mikidadi alikunja uso. "Nani kakwambia umzuie? Usiku anatusomea. Jana ametuachia njia panda, hatujui yule tajiri alifanywa nini. Mimi nimesema umfundishe kusoma huku anatazama."

Hivyo ndivyo Saadi alivyojua kwamba vitabu vyake vilikuwa vinasomwa hata na wasiojua kusoma.

Zuena alikuwa akipita kwa Sofia kila jioni. Alianza kwa kumsaidia kuchota maji, akaendelea kwa sababu alipenda kukaa pale. Sofia alimwekea muhogo wa kuchoma chini ya jivu, wakaketi jikoni, na Zuena akafungua kitabu. Sofia Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alikijua cha kununulia chumvi. Basi Zuena alisoma ukurasa mmoja kimoyomoyo, kisha akausema kwa Kimwera, akitia mikono na macho, na pengine akiongeza lake. Saadi alikuwa akisahihisha madaftari ukumbini huku amelitega sikio. Alivijua vile vitabu kwa moyo, na alisikia pale mtoto anapozidisha: farasi asiyejulikana Namilowe akawa punda, theluji ikawa majivu meupe ya baridi. Hakumkatiza hata mara moja. Alipenda kumsikia Sofia akiuliza, "Kisha?" Neno hilo lilikuwa halijasikika nyumbani kwake kwa miaka mingi.

"Huyu tutamwozesha nani?" Sofia alimwambia mumewe wakati mmoja, baada ya Zuena kuondoka. "Mume gani atakayemvumilia?"

"Hataolewa sasa. Ataingia shule ya kati Nachingwea. Nimeshazungumza na Mikidadi."

"Kakubali?"

"Kasema nani atamsomea yeye usiku. Lakini kakubali."

Mwaka uliofuata, Zuena akiwa darasa la nne, wachanjaji walipita vijijini kuchanja watu ndui. Walikuja na meza yao na visu vyao vidogo, wakakaa mbele ya nyumba ya jumbe. Wengi walijitokeza. Wengine waliwaficha watoto, na Mwanaheri, mama yake Zuena, alikuwa mmoja wao. Yeye mwenyewe uso wake ulikuwa na makovu ya ndui. Ilimpata utotoni, siku chache baada ya kuchanjwa, na hakuna aliyeweza kumwondolea imani kwamba kile kisu ndicho kilichompa. Alimpeleka Zuena shambani kabla jua halijachomoza, akamwambia akae juu ya dungu mpaka atakapoitwa. Zuena alikwenda na kitabu. Alishinda huko kwa raha zake.

Ndui iliingia wakati wa magulio ya ufuta, watu wanapokuja kutoka kila upande kuuza na kununua. Alianza kuugua mchuuzi mmoja, kisha nyumba ya jirani yake, kisha ikawa haijulikani itatokea wapi. Jumbe aliamuru vijengwe vibanda vya karantini pembeni mwa kijiji, akavizungushia ua wa miiba. Shule ilifungwa. Siku ile ya kufunga, watoto walilijia kabati kwa wingi kwa sababu walijua watakaa nyumbani muda mrefu. Saadi aliwapa vyote. Kabati lilibaki tupu, naye alifurahi kuliona tupu.

Zuena alichukua kitabu alichokuwa amekianza: habari za binti aliyetoka peke yake kumfuata kaka yake, ambaye msafara ulimchukua nchi ya mbali. Nakala ilikuwa moja, na mtu aliyewahi kukimaliza pale Namilowe alikuwa Saadi tu.

Haikupita muda Mikidadi akaja mlangoni kwa Saadi, akasimama mbali, hakutaka kusogea.

"Mtoto ana homa," alisema. "Na leo asubuhi vipele vimetokea usoni."

Walimpeleka kibandani. Mwanaheri aliingia naye, kwa kuwa mwenye makovu hapatwi mara ya pili. Sofia alipika uji kila asubuhi, Saadi akaupeleka hadi kwenye ua wa miiba, akauweka chini na kurudi nyuma, Mwanaheri akaja kuuchukua. Waliongea kwa mbali, maneno machache. Anakunywa. Hanywi. Amelala. Hakulala.

Siku moja Mwanaheri alipokuja kuchukua uji alisema, "Ana kitabu chake kifuani. Macho yamevimba yamefumba, hawezi kukisoma, na hataki nikiondoe."

Saadi alisimama akafikiri. Kisha akasema, "Mwambie mimi nitamsimulia. Nakijua chote. Mwulize amefika wapi."

Mwanaheri aliinama kuingia kibandani. Ukuta ulikuwa wa makuti, na Saadi alisikia mnong'ono, kisha akasikia sauti ya Zuena mwenyewe, nyembamba, imekwaruzika.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Nimefika mtoni. Mwenye mtumbwi amekataa kumvusha."

"Haya. Basi nitakwambia kilichofuata."

"Hapana, mwalimu." Alinyamaza kuvuta pumzi. "Usiniambie. Umesema kitabu hakisemewi. Nikipona nitasoma."

Saadi alishika mti wa ua, miiba ikamchoma kiganjani, asiuachie. Neno lilikuwa lake mwenyewe. Alilisema kwa watoto mara nyingi, akitabasamu, na sasa lilikuwa linamrudia kutoka kwa mtoto asiyeona.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Kitakusubiri."

"Niambie ya nyuma," Zuena akasema. "Yale niliyoyasoma."

Basi Saadi akasimama pale juani, nje ya miiba, akasimulia tangu mwanzo. Alisimulia kwa sauti yake ya darasani ili ifike ndani. Jinsi kaka alivyochukuliwa, jinsi binti alivyofunga chakula katika kitambaa, jinsi alivyolala juu ya mti na chui akapita chini. Kutoka vibanda vingine wagonjwa wengine walinyamaza kumsikiliza. Alipofika mtoni, mwenye mtumbwi amekataa, alinyamaza. Alingoja. Alikuwa tayari kuendelea kama angesikia neno moja tu. Kutoka ndani hakusikia kitu.

"Amelala," Mwanaheri alisema. "Ahsante, mwalimu."

Saadi alirudi nyumbani. Asubuhi yake alipokwenda na uji, Mikidadi alikuwa ameketi chini nje ya ua, mikono juu ya kichwa, na kutoka kibandani Mwanaheri alikuwa akilia kwa Kimwera, akimwita mtoto kwa majina yote aliyowahi kumwita tangu alipozaliwa. Saadi aliuweka uji chini. Hakujua auweke wapi kwingine.

Zuena alizikwa na watu wachache wenye makovu. Saadi na Sofia walisimama mbali wakasoma fatiha. Kibanda kilichomwa moto pamoja na kila kilichokuwa ndani.

Kijijini maneno yalikuwa yameshaanza. Watu walisema ndui inatembea na vitabu. Kitabu kinatoka nyumba hii, kinaingia nyumba ile, mtoto analamba kidole anafunua karatasi. Si wote waliosema, lakini waliosema walisema kwa sauti kubwa. Kisha akaja Bwana Afya kutoka Nachingwea, jina lake Bernardo, kijana mwenye adabu aliyechoka, shati limekauka jasho mgongoni. Alikagua vibanda, akachanja waliobaki, kisha akaja kwa Saadi.

"Mwalimu, nimeambiwa una vitabu vilivyoko majumbani."

"Ninavyo. Vimo katika nyumba nyingi."

"Katika zile zenye wagonjwa pia?"

Saadi akaitikia kwa kichwa.

"Itabidi vichomwe."

"Tuvianike," Saadi alisema. "Tuvianike juani hata mwezi mzima. Tuvifungie. Mimi mwenyewe nitakaa navyo, watu wangu wamekwisha chanjwa."

Bernardo alikaa kwenye ngazi ya shule. "Mwalimu, mimi nilisoma kwa kuazima vitabu. Shuka tunaichemsha, kitabu hakichemshwi. Sijui kama vitabu ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Nadhani ni gulio. Lakini nikiviacha, na mtoto mmoja tu akaugua, nitamwambia nini mama yake?"

Tarishi mmoja alitaka kupita nyumba kwa nyumba kuvikusanya. Saadi alimzuia, akaenda mwenyewe. Katika kila nyumba mtoto alitoka na kitabu kimefungwa katika kaniki yake, kisafi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Baadhi waliuliza kama wanaweza kukimaliza kwanza. Alivirundika nyuma ya shule. Kiberiti kilikataa mara mbili. Sofia alikuwa amekuja, akakichukua kutoka mkononi mwake, akakiwasha yeye.

Vitabu haviungui upesi kama watu wanavyodhani. Viliungua pembeni kwanza, vikajikunja, vikajifunua vyenyewe ukurasa baada ya ukurasa. Watoto walisimama mbali wakitazama, na hakuna aliyekimbilia majivu yaliyopeperuka, kama watoto wanavyofanya siku nyingine zote moto unapowashwa.

Ndui iliisha. Shule ilifunguliwa, mabenchi mengine yakiwa na nafasi. Baada ya arobaini ya Zuena, Mwanaheri alikuja nyumbani kwa Saadi, jioni, saa aliyokuwa akija mtoto. Sofia alimtandikia mkeka. Alikaa, akamgeukia Saadi.

"Mwalimu, yule binti wa kwenye kitabu. Alivuka?"

"Alivuka."

"Akampata kaka yake?"

"Akampata. Wakarudi kwao."

"Wakarudi kwao," Mwanaheri alirudia. "Na wewe ulikuwa unalijua hilo. Umesimama pale nje ya miiba, unalijua."

"Alinikataza, mama. Ulisikia mwenyewe."

"Nilisikia. Alikuwa mtoto. Mtoto anakataa uji, na wewe unamnywesha."

Jikoni kuni zilikuwa zinafuka moshi.

"Wanaosema vitabu vimemwua ni wajinga," Mwanaheri aliendelea, sauti yake tulivu kabisa. "Mimi ndiye niliyemficha siku ya kuchanjwa. Hilo ni langu, nalala nalo, naamka nalo. Lakini lile lingine ni lako."

Aliinuka, akamshukuru Sofia kwa mkeka, akaondoka. Hakuwa na hasira. Saadi angependelea angekuwa nayo.

Muda ulipita. Eustakio aliandika Nachingwea kuomba vitabu, akaandika tena, na hatimaye likaja boksi kutoka bomani, vitabu vipya vyenye harufu ya wino. Saadi alivipanga katika kabati lile lile. Masomo yalipomalizika aliwaambia watoto wakae kidogo, kama zamani. Akafungua kitabu, akasoma, simba akanguruma, watoto wakainuka kwenye mabenchi. Alipofika pale pa kufunga kitabu, hakukifunga. Alisoma hadi neno la mwisho. Watoto walipiga makofi, wakaenda zao wakiwa wameshiba, na asubuhi hakuna aliyesimama kando ya kabati.

Ikawa hivyo kila siku. Eustakio aliona, akavumilia, siku moja akamwita kando.

"Saadi, zamani ulikuwa unawaacha na njaa. Ndiyo iliyowaleta."

"Najua."

"Sasa unawalisha mpaka mwisho, na vitabu vinakaa."

"Najua, ndugu yangu. Nikifika katikati nawatazama nyuso, mkono unakataa. Siwezi kumwacha mtoto aende nyumbani hajui."

Eustakio alimshika bega. Alijaribu kusoma yeye kwa nusu, lakini hakuwa na sauti ile, na watoto walisinzia. Vitabu vilibaki vipya. Mchwa waliingia kabatini kwa chini wakati wa masika mmoja, na Saadi ndiye aliyegundua, siku nyingi baadaye, alipovifikia vitabu vya chini.

Aliacha ualimu miaka michache baadaye. Hakugombana na mtu. Alisema kifua kinamsumbua, na hilo lilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Yeye na Sofia walihamia Naipingo kwa ndugu zake Sofia, wakapanda mikorosho na ufuta, wakalima mihogo. Majirani walimjua kama mtu mkarimu asiyependa mazungumzo marefu. Mara chache Sofia, akiwa anapukusa mahindi na wanawake wenzake, aliwasimulia kwa Kimwera habari za punda aliyevuka nchi ya majivu meupe, nao wakamwuliza amezipata wapi. Alisema ni za mtoto wake. Saadi akisikia hivyo alitoka nje akaenda kuangalia mbuzi.

Siku moja alikwenda sokoni Nachingwea kuuza ufuta. Kijana mmoja aliyevaa shati jeupe, karani wa chama cha ushirika, aliacha mizani yake akaja mbio, akamwinamia.

"Shikamoo, mwalimu. Hunikumbuki. Mimi wa Namilowe, nilikuwa darasa moja na marehemu Zuena."

Saadi alimtazama, akamkumbuka kwa meno.

"Nyani walimaliza shamba la babu yangu kwa ajili yako," kijana alisema akicheka. "Mpaka leo nikikosa cha kusoma nasoma hata maandishi ya kwenye magunia. Wenzangu wananicheka. Tuko kadhaa hapa mjini, tumezoea kuazimana vitabu. Hatukosi kukutaja. Mwalimu, huna kitabu chochote nyumbani?"

"Sina, mwanangu," Saadi alisema. "Sina hata kimoja."

Kijana alimpimia ufuta wake vizuri, akambebea gunia tupu hadi njiani, akaagana naye kwa heshima. Saadi alitembea hadi Naipingo bila kupumzika. Sofia alikuwa anapepeta mtama uani.

"Umekutana na nani?" alimwuliza, kwa kuwa aliusoma uso wake.

"Mtoto wa Namilowe. Wako kadhaa mjini, wana kazi."

"Wazima?"

"Wazima."

"Wote?"

Saadi aliketi kwenye kinu kilicholazwa, akavua kofia yake. "Waliobaki," alisema. Sofia aliuinamia ungo akaendelea kupepeta, na makapi yakawa yanaruka mbele yake mpaka mtama ukabaki peke yake.